Droni ya Shemeji

Shemeji alihamia kwetu Umoja na begi la nguo na droni. Hiyo droni ndiyo iliyomlisha: ruracio za mahari Kiambu, harusi Machakos, ploti za kuuzwa Kamulu. Kanuni za 2020 zinataka droni isajiliwe na mamlaka ya usafiri wa ndege, na kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh haiko mbali nasi, kwa hiyo mtaani haipeperushi. Siku hiyo alikuwa paani kwenye kamba za nguo, akijaribu rafadha mpya, droni ikiwa kimo cha kiuno tu. Upepo ukalivurumisha shuka la jirani, likaikumbatia droni, vyote viwili vikaangukia saruji kando ya tangi.

Rafadha si neno. Ni plastiki, hubadilishwa kwa bisibisi. Msiba ulikuwa kamera, iliyoning'inia kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Kamera hushikwa na gimbali, mkono mdogo wenye mota tatu zinazoigeuza kinyume cha kila mtikisiko. Ndani yake hupita utepe wa nyaya unaopeleka picha. Utepe ulikuwa umechanika: droni iliruka, lakini kioo cha simu kikabaki cheusi.

Fundi wa barabara ya Luthuli alitaka gimbali nzima ibadilishwe, kwa bei iliyokaribia nusu ya droni ya mtumba. Utepe peke yake ulikuwa wa bei nafuu mno, ila kuupitisha kwenye viungo vile ni kazi ya subira. Arbuni ya harusi ya Jumamosi ilishalipia kodi. Nikakopa chama, tukanunua utepe.

Meza ya kulia ikafutwa, watoto wakafungiwa chumbani. Skrubu moja, ndogo kuliko punje ya ulezi, ikaruka; tukaisaka chini ya kochi kwa sumaku ya spika mbovu hadi usiku. Picha ikarudi, lakini upeo wa macho umelala upande. Gimbali husawazishwa kwa programu, droni ikiwa mahali tambarare, na meza yetu ina mguu mfupi. Mume wangu, fundi wa mjengo, akaleta pimamaji yake na vipande vya kadibodi.

Harusi ilipigwa picha. Shemeji alimnunulia jirani shuka, kisha akapandisha bei yake, na mimi namuunga mkono kabisa. Mteja anayelalamika kwamba dakika chache za angani ni ghali, namwonyesha utepe uliochanika, nimeuhifadhi kabatini.