Mlima Uko Wapi?

Mjomba wangu alitoka Tanga na haja moja tu: auone Mlima Kilimanjaro. Alishuka stendi ya Moshi usiku, akala, akalala. Saa kumi na mbili asubuhi niliinjika chai, nikachungulia dirisha la jikoni. Kibo hiyo hapo, peupe, imetulia kama mtu aliyetoka kuoga, theluji imeshika wekundu wa jua. Mjomba alikuwa bado anatia udhu.

Ningemwita tu. Lakini nina miezi minne Moshi, na hakuna mjuaji kama mtu wa miezi minne. Nikaona mgeni wa heshima haonyeshwi mlima kupitia dirisha la jikoni, kati ya masufuria na tangi la jirani. Nitampeleka Marangu akauone kwa karibu.

Mwenyeji yeyote angeniambia kuwa mlima huu ni wa alfajiri na jioni. Jua likishapanda, unyevu wa msituni nao unapanda, na kufika saa nne mlima umejifunika gubigubi. Sikumuuliza mwenyeji yeyote.

Himo tukakata kushoto, tukaanza kupanda. "Mlima uko wapi?" mjomba akauliza. Nikamwambia uko mbele. Marangu Mtoni akauliza tena. Nikamwambia tunaukaribia. Tulipozidi kupanda ukungu ukatuzingira, na nje hapakuwa na kitu ila migomba, mibuni chini ya migomba, halafu migomba.

"Mjomba," nikasema, "hapa sasa tuko juu yake."

Akatazama miguuni pake. "Nimetoka Tanga kuja kuangalia migomba? Hata Lushoto ipo."

Nikajaribu kumtuliza kwa historia: Mjerumani Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889, tena baada ya safari mbili kushindikana. Mjomba akanijibu kwamba huyo alitaka kuupanda. Yeye anataka kuuona tu.

Hapo ndipo boneti lilipoanza kufuka. Rejeta haikuwa na maji. Fundi alishanikumbusha nikaitikia "sawa" kwa sauti ya mtu aliyesikia. Mjomba akateremka, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akautazama ule mvuke kwa makini.

"Kumbe ndiyo maana wakapaita Moshi."

Alama ya kuonyesha gari bovu sikuwa nayo, lakini nchi hii kila dereva anajua dawa yake: unakata matawi, unayatandika barabarani. Kando ya barabara palikuwa na mstari wa mimea yenye majani marefu ya kijani, imepandwa vizuri, haina mtu. Nikakata kumbatio zima, nikalitandaza kwenye lami mpaka pakawa kama Jumapili ya Matawi.

Bodaboda wa kwanza akapunguza mwendo, akatutazama, akatikisa kichwa. Noah ikasimama kidogo, abiria wakachungulia kwa huruma, ikaondoka. Hatimaye akatokea bibi mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, panga mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umemkosea nani?"

"Sijamkosea mtu, bibi. Gari limechemsha."

"Na masale yote haya? Mtu anaomba msamaha kwa jani moja. Wewe umemwaga mzigo mzima. Umeua?"

Nilishawahi kusikia habari za isale, jani ambalo Mchagga akiletewa na aliyemkosea, kukataa kusamehe ni vigumu. Sikuwahi kulitambua kwa sura. Na bibi alikuwa hajamaliza. Macho yake yalifuata njia ya majani mpaka nilipoyakatia.

"Umekata mpaka wangu."

Kihamba na kihamba hutenganishwa na masale, na mpaka ule, nilivyoelezwa kwa urefu, una kesi na shemeji yake. Mjomba, ambaye siku nzima hakuwa upande wangu, akakohoa: "Muombe radhi, mwanangu. Vifaa unavyo."

Nikaokota jani moja lisilokanyagwa, nikalifuta kwenye suruali, nikampa kwa mikono miwili. Bibi akalipokea. Akalitazama, akanitazama, akacheka mpaka mzigo ukamwanguka.

"Unaniomba msamaha kwa sale langu mwenyewe!"

Wajukuu wakatumwa maji kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee unaopita nyuma ya nyumba. Tukingoja rejeta ipoe, tulikaribishwa mbege. Mjomba akashukuru, akasema dini hairuhusu, akaletewa mtori. Alikula bakuli mbili kisha akasifu ile migomba. Mita 5,895 za mlima, na yeye alikuwa hajaona hata moja.

"Mlima?" bibi akashangaa nilipomweleza safari yetu. "Si mnatoka Moshi? Kule unaonekana vizuri. Huku mmefuata nini?"

Sikuthubutu kumtazama mjomba.

Tuliondoka na mkungu wa ndizi kwenye buti. Karibu na Kiboriloni, jua likizama, mawingu yakaachia. Kibo yote ikatoka, kuanzia mabegani hadi utosini, nyekundu ya kaa la moto. Nikaegesha, nikamtikisa mjomba aliyekuwa anakoroma tangu Himo.

Akafungua jicho moja. "Ndio huo?"

"Ndio huo, mjomba."

"Mbona uko mbali hivyo?"

Akalifumba.