Ngitili ya Jikoni

Ikifika katikati ya Mei, wanawake wa Bariadi huanza kuyatazama mawingu kwa hesabu nyingine. Tangu Novemba walikuwa wakiomba mvua. Sasa wanaomba isinyeshe mpaka viazi vikauke. Udongo mweusi wa mbuga unaanza kupasuka, upepo wa upande wa Serengeti unapoteza unyevu, na kila nyumba yenye kipande cha ardhi nyuma ya jiko ina kazi zinazosubiriana: kuchimba viazi vitamu, kukata michembe, kuanika majani ya kunde yawe nsansa, kuchagua mbegu, kuhamishia marando ya viazi mahali penye unyevu, na kuandaa vijaruba vya mboga karibu na kisima. Muda wa kazi hizi ni mfupi. Juni ikiingia, pamba inadai mikono yote ya nyumba, na ambaye hajamaliza ya bustani hapati wa kumsaidia.

Kwetu hesabu ya kazi hizo anayo mama mkwe. Anajua nini kinatangulia na nini kinafuata, na mwaka huu alianza na viazi. Pacha wetu, Kulwa na Doto, walichimba. Mimi na mama tukamenya. Shemeji, mdogo wa mume wangu, akabeba mabeseni hadi kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya zizi. Michembe ni kiazi kibichi kilichokatwa vipande vyembamba na kuanikwa hadi kikauke kau. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakatwe na kuanikwa. Mama alitaka vyote viwili, kwa sababu michembe hukaa muda mrefu na matobolwa ndiyo watoto wanayoyapenda kwa chai.

Alasiri moja, jiwe likiwa limejaa na vipande vimeanza kujikunja pembeni, wingu lilisimama upande wa mashariki.

"Shemeji," nilimwita, "lile linakuja au linapita?"

"Linapita, shemeji. Mvua ya Mei haina nguvu."

Lilikuja. Matone yalianza makubwa na machache, kisha yakamwagika. Tulikimbia sote na mabeseni, turubai na khanga, mama akiwa mbele yetu licha ya magoti yake. Tuliokoa vya juu. Vilivyokuwa kwenye bonde la jiwe vililoa chapachapa, na usiku ule hewa ilikuwa nzito kiasi kwamba havikupata kukauka.

Asubuhi mama alikaa chini na kuvigawa mafungu matatu. Vikavu alivirudisha juani. Vilivyolowa lakini vikabaki vigumu alivichemsha kwa karanga tukala siku hiyohiyo. Vilivyoanza kuteleza na kutoa harufu ya ukungu alivifukia shimoni, ingawa Doto aliuliza kwa nini kuku wasipewe.

"Chenye ukungu hakiliwi, mjukuu wangu," alimwambia. "Wala hakipewi mnyama tutakayemla sisi."

Ilituuma kuona chakula cha wiki nyingi kikiingia shimoni. Lakini namheshimu mama kwa uamuzi ule. Ukungu wa chakula kilichokaushwa vibaya unaweza kuzaa sumu isiyoondoka kwa kupika, na mara nyingi njaa humshawishi mtu akwangue juu na kuendelea kula.

Mkasa wa pili ulikuja na miguu minne. Huku Usukumani, mavuno yakishatoka mashambani, mifugo huachiwa ile mabua. Ni desturi ya zamani na ina faida yake: ng'ombe hupata malisho, na shamba hupata samadi. Lakini kuanzia siku hiyo bustani ya nyumbani inabaki kuwa mahali pekee penye kijani kwa macho ya mbuzi. Sisi sote tulikuwa kwenye shamba la pamba. Kijana aliyechunga mbuzi wa jirani alikuwa ameketi kivulini, na uzio wetu wa mabua ya mtama haukuwa kitu mbele ya beberu mwenye njaa.

Tuliporudi, kunde zilikuwa vijiti. Sukuma wiki zilikuwa zimeng'olewa na mizizi yake. Mama hakuzitazama hizo. Alikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotiririkia, alipokuwa amehamishia marando ya viazi ili yapitishe kiangazi. Hapakuwa na hata jani. Mbuzi walikuwa wamekula mashina na kukanyaga yaliyobaki hadi yakawa matope.

Ni yeye aliyetueleza ukubwa wa hasara ile, maana mume wangu alidhani tumepoteza matembele ya wiki moja. "Baba Kulwa," alisema, "viazi havipandwi kwa mbegu ya dukani. Hupandwa kwa rando. Novemba mvua ikianguka na huna rando, unamsubiri mwenye nalo amalize kwanza. Utapanda Januari, na kiazi chako kitakutana na kiangazi kikiwa kidole."

Kesho yake alfajiri jirani alifika mwenyewe.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu."

"Nimekuja kuona nilichoharibu. Ningekuletea marando ya mke wangu, lakini mbuzi walianzia kwake."

Mama alimkaribisha chai. Hakumtoza fedha. Walikubaliana alete samadi ya zizi lake kwa mkokoteni, na kijana wa mbuzi asaidie kujenga uzio mpya. Jirani alitimiza yote mawili, na nyumba zetu hazikupeana kisogo. Katika kijiji ambacho mtaazimana jembe na kubebana mgonjwa, huo ulikuwa usuluhishi wa busara kubwa.

Marando tuliyapata kwa njia nyingine. Mstari mmoja wa viazi ulikuwa bado ardhini. Nilikumbuka somo la afisa ugani kuhusu kuhifadhi viazi kwenye mchanga, njia iliyofanyiwa kazi na watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi pamoja na wakulima wa Tanzania na Uganda, kwa ajili ya sehemu zenye kiangazi kirefu kama kwetu. Tulichagua viazi vya wastani, visivyo na jeraha la jembe wala tobo la fukusi. Tukavipanga ndani ya beseni kwa matabaka ya mchanga mkavu, visigusane, na beseni tukaliweka ndani, mahali pasipo joto. Kila mwezi tulivikagua, tukitoa kilichooza na kukwanyua chipukizi zilizowahi. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, viazi hivyo hupandwa bustanini na kumwagiliwa, navyo hutoa marando mapya kwa wakati wa kupanda. Mama alisikiliza maelezo yote, kisha akachota mchanga wa kwanza kwa mikono yake.

Ukabaki uzio. Shemeji, aliyetaka uishe siku moja, alirudi na mkokoteni wa miti ya pamba kutoka kipande kilichokwisha kuchumwa. Ilikuwa mirefu, mikavu, na ya bure. Mama alimsimamisha kabla hajashusha.

"Rudisha, mwanangu. Hiyo ina kazi yake ya moto."

Alikuwa sahihi. Mkoa wetu wa Simiyu ndio nguzo ya pamba nchini, na wakulima hutakiwa kung'oa na kuchoma masalia yote kabla ya Septemba 15. Funza wa pamba hujificha ndani ya vitumba vilivyobaki kwenye miti mikavu, akisubiri pamba ya msimu mpya. Anayejengea uzio miti hiyo anawafuga funza hao kwa ajili ya shamba lake na la jirani. Shemeji aligeuza ng'ombe bila neno.

Basi tukaenda kukata matawi ya mgunga yenye miiba kwa uzio wa sasa, na vipande vya mnyaa vya kupanda ndani yake viwe uzio wa miaka ijayo. Mnyaa hauliwi na mbuzi na hustahimili ukame. Lakini utomvu wake mweupe ni mkali. Jua lilikuwa utosini, shemeji akajifuta jasho kwa kiganja kilichochafuka, na sauti aliyoitoa iliwakusanya majirani wote.

Kila mmoja alikuwa na dawa yake: huyu maziwa, yule mafuta. Mama alisema maji. Tukamlaza ubavu, nikamfumbua jicho kwa vidole, na Kulwa akamimina maji safi polepole, ndoo baada ya ndoo, bila kupumzika. Ndipo tukampakia bodaboda hadi kwa mganga wa zahanati. Jicho lilivimba na kufumba, na kwa siku kadhaa yule kijana mwenye mbio alikaa kimya ukutani akishikwa mkono kwenda msalani. Hofu yetu ilikuwa kubwa, kwa kuwa utomvu ule unaweza kumnyima mtu macho. Alipona. Aliporudi kazini alifunga kitambaa kichwani, akavaa miwani ya mtu wa kuchomelea vyuma na mifuko ya plastiki mikononi, akamaliza upande uliobaki.

Jioni moja katika siku zile za kuuguza, mama alitusimulia habari za HASHI, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza Shinyanga mwaka 1986. Bariadi wakati huo ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012. Watu walihimizwa kurudisha ngitili, yale malisho ya akiba ambayo Wasukuma walikuwa wakiyafunga wakati wa masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi kikikaza. "Mliweka ngitili ya ng'ombe," alimwambia mume wangu, "mkasahau ngitili ya jikoni."

Baada ya maneno yale mume wangu hakuiita tena bustani kazi ya wanawake. Yeye na jirani walichimba vijaruba vya kuzama badala ya matuta ya kuinuka, kwa sababu tuta la kuinuka hukaushwa na upepo pande zote, na kijaruba hushika tone linaloingia. Walichanganya samadi iliyooza, wakatandaza nyasi juu. Doto, anayependa hesabu, alituonyesha kwamba lita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita moja. Hivyo ndoo ya lita 20 kwenye kijaruba cha mita nne za mraba ni mvua ya milimita tano. Hesabu hiyo ilitusaidia kugawana zamu: ndoo moja kila kijaruba, asubuhi kabla ya jua au jioni, na kila mtu wa nyumba, baba akiwemo, ana siku yake ya kisima. Maji ya kuoshea mboga na kusuuzia vyombo nayo yanakwenda huko.

Mbegu za kunde mama alizihifadhi kwa jivu lililochekechwa, akilijaza hadi mdomo wa chupa ili wadudu wakose nafasi ya kutembea. Nsansa ziliingia kwenye mfuko juu ya dari. Agosti mgagani ulichipua kwenye vijaruba, na Septemba, sokoni mboga zikiwa chache na ghali, tulikuwa tunachuma kwetu na kumpelekea jirani. Viazi vya mchangani vilipandwa pembe ya bafu, vikatoa marando manene, na ya kumgawia mke wa jirani yakapatikana.

Nayaandika haya kwa sababu naona nyumba nyingi mkoani kwetu zikipanga kiangazi kwa bei ya pamba na idadi ya ng'ombe, huku chungu cha Septemba kikiachiwa mwanamke mmoja na ndoo yake. Pamba inalipa ada na mabati, nami naishukuru. Lakini mtoto anakula kila jioni, na mboga yake huamuliwa Mei, udongo ukiwa bado unashikika. Mume wangu ameshatangaza mbele ya mama: mwakani uzio utasimama kwanza, ndipo mtu yeyote wa nyumba hii ashike gunia la kuchumia pamba. Mama amemjibu kwamba minyaa ataikata yeye baba mwenyewe, na miwani ipo.