Malenia na giza la Kakontwe

Wajapani wanadhani wametunga mchezo mgumu. Hapa Kakontwe, mtaa wa mawe ya chokaa, kijana wa jirani anapambana na Malenia wa Elden Ring, mchezo wa video uliotoka mwaka 2022. Bibi huyo kila akikukata upanga anajiongezea uhai. Ukimuua, anafufuka na mabawa. Juzi Malenia alibakiwa na tone la damu. Kijana ukingoni mwa kiti, ulimi nje. Tap! Umeme ukaenda.

“Ulimushinda?” mama akauliza gizani.

“Nilikuwa karibu, mama.”

“Mushahara wa baba yako nao iko karibu, tangu mwezi wa tatu. Kamata bidoni, wende kuchota maji.”

Umeme ulirudi saa tisa za usiku. Malenia alikuwa mzima kabisa.