Ushindi wa Mezani

Kwa Baba Mdogo mpendwa, na kwa jamaa wote mkaao barazani pale Usangi jioni, wakati ukungu unaposhuka kutoka msitu wa Kindoroko na kumlazimisha kila mtu kutafuta koti na habari za wenziwe.

Napenda kukuarifuni kwamba ile habari iliyofika nyumbani kuwa nimekuwa mchezaji wa mpira katika nchi ya Ufaransa, habari ambayo nasikia imekwisha kuzaa madai ya mabati ya msikiti, karo za watoto wanne na pikipiki ya binamu yangu, haina asili wala fasili. Picha mliyoiona ni yangu, sikatai, na suti ya michezo niliyovaa ni ya klabu kweli. Lakini mwenye kuitazama kwa makini ataona kibendera mkononi mwangu, na mtu wa miaka hamsini na mmoja, ambaye goti lake hutabiri mvua siku mbili kabla haijanyesha, hawezi kuwa mshambuliaji hata katika ligi yetu sisi, ingawa ukweli unanilazimu kuongeza kuwa nahodha wetu ana miaka arobaini na mmoja na beki wetu wa kulia ana wajukuu.

Ili mfahamu ligi hiyo ni ipi, fikirini gari la abiria linalopanda kutoka Mwanga kuja huko kwenu. Juu kabisa, penye baridi na mandhari njema, wamekaa wale mnaowaona katika televisheni, Paris Saint-Germain na Olympique de Marseille na wenziwao, katika Ligue 1. Chini yao ipo Ligue 2, kisha daraja liitwalo National, kisha National 2, kisha National 3. Ndipo mtu ateremkapo katika ngazi za mikoa, Régional 1 na Régional 2, hata afikie ngazi ya nane, mahali ambapo gari limezima, utingo anatafuta jiwe la kuzuia gurudumu, na abiria wameshuka kunyoosha miguu. Hapo ndipo tulipo sisi, Régional 3. Chini yetu wako watu wa ligi za wilaya, nao hututazama kwa husuda, jambo linalotupa faraja kubwa siku za Jumatatu.

Zamani majina yalikuwa na fahari zaidi. Mpaka mwaka 2017 daraja la juu la mkoa liliitwa Division d'Honneur, yaani Daraja la Heshima, na madaraja yaliyofuata chini yake yaligawana heshima hiyo vipande vipande mpaka ikaisha. Mwaka huo, baada ya ligi za mikoa kuunganishwa, heshima ikafutwa ikawekwa nambari. Mzee mmoja atunzaye funguo za vyumba vya kubadilishia nguo huapa kuwa tangu siku hiyo wachezaji hawajakung'uta tena matope viatuni kabla ya kuingia ndani.

Klabu yetu, kama zilivyo nyingi za huku, ni jumuiya ya hiari iliyosajiliwa kwa sheria ya tarehe 1 Julai 1901. Rais wake ni fundi bomba, mweka hazina ni mkewe, na mchoma soseji kibandani ni mama mkwe wake, hata imekuwa taabu kutenga mkutano wa kamati ya utendaji na chakula cha mchana cha Jumapili. Soseji zenyewe, kwa wale watakaouliza, na najua ni nani atakayeuliza, ni za kondoo, kutoka kwa mchinjaji Mwaljeria, halali tupu. Winga wetu wa kushoto ni kijana wa Kikomoro aliyezaliwa Marseille, na lugha ya mama yake na Kiswahili changu hujuana kama watoto wa mashangazi. Yeye ndiye aliyenikumbusha kuwa madaraja haya tunayoyacheka yaliwahi kutoa kipa wa taifa: Salim Ben Boina, kipa wa Endoume, klabu ya madaraja ya chini ya Marseille, aliyesimama langoni mwa Komoro walipoifunga Ghana 3–2 katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Januari 2022, akaumia bega, hata mechi iliyofuata, tarehe 24, Komoro ikakosa kipa kabisa, ikamvika glavu beki Chaker Alhadhur mbele ya Kameruni nzima, ikafungwa 2–1 tu. Kijana huisimulia habari hii kila tunapofungwa sita.

Sasa nije kwenye kibendera. Katika ngazi yetu aghalabu mwamuzi hutumwa peke yake, naye hufika na mkoba wake kama kadhi aliyetumwa mji wenye fitina, na kila timu humpa mtu wake mmoja wa kushika kibendera upande wa mstari. Mwaka juzi, siku ya kwanza nilipokwenda kutazama, aliyekuwa na kazi hiyo alikwenda kwenye ubatizo, nikapewa mimi kwa hoja kwamba nilikuwa nimesimama karibu. Nami, kwa malezi yenu, nikadhani mtu akikabidhiwa amana ya haki huifanyia insafu. Dakika ya ishirini nikainua bendera kwa unyofu kabisa kuonyesha kuwa mshambuliaji wetu ameotea, goli likakataliwa, na majuma matatu baada ya hapo sikupewa soseji ila iliyoungua. Nimejirekebisha. Siku hizi nainua bendera kwa wageni wanaokaribia kuotea, na kwa wale wanaofikiria kuotea.

Upepo wa huku kusini mwa Ufaransa, uitwao mistral, ni jambo la kuandikiwa barua yake peke yake. Niseme tu kuwa kipa wetu alipiga mpira wa goli mwezi wa Februari nao ukarudi ukawa kona. Kombe la Ufaransa nalo, lile ambalo timu ya watu wa ridhaa wa Calais ilifika fainali mwaka 2000 na kufungwa 2–1 tu na Nantes, sisi tulitolewa raundi ya kwanza, mwezi wa Agosti, kabla jezi hazijatoka kwa mshonaji.

Lakini nililotaka hasa kulisema, na ndilo lililonifanya niipende ligi hii kuliko nilivyopenda jambo lolote tangu kuingia ghaibu, ni hesabu zake na hati zake. Mpaka miaka kadhaa iliyopita, katika soka la ridhaa la Ufaransa, mshindi alipata pointi nne, waliotoka sare mbili mbili, na aliyeshindwa akapewa moja. Nilipoelezwa hayo niliomba nielezwe tena. Moja ya nini? Ya kuja, nikaambiwa. Kwa maana asiyefika uwanjani hakupata kitu, na aliyefika akafungwa tisa amestahili walau nauli ya moyo. Baadaye wakaingia katika mtindo wa dunia nzima wa tatu, moja na sifuri, ila asiyefika hunyang'anywa pointi moja. Nami nikakaa kibandani na penseli nikakuta hesabu ni ileile kwa kila timu, wameigeuza sadaka ikawa faini.

Kisha nikagundua kuwa mpira wa huku hauchezwi dakika tisini tu. Wafaransa wana msemo wa kushinda juu ya zulia la kijani, nao si majani ya uwanjani bali ni kitambaa cha meza wanayoikalia wanakamati. Yaani ni ule ushindi wetu wa mezani. Mnakumbuka Aprili 2017, Simba walipofungwa 2–1 na Kagera Sugar pale Kaitaba, wakadai kuwa Mohamed Fakhi amecheza akiwa na kadi tatu za njano, kamati ya saa 72 ikawapa pointi tatu, kisha kamati nyingine ikazirudisha, na mwisho wa msimu Yanga wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao? Nchi nzima ilikasirika mwezi mzima. Huku jambo kama hilo ni la kila Jumanne, na hakuna anayepaza sauti, kwa sababu limeandikwa vizuri na lina vifungu.

Tanzania nzima hututania sisi Wapare kuwa Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nimeubeba utani huo Dar es Salaam, nikaubeba Arusha, nikacheka pamoja na wanaonicheka. Na sasa, katika umri huu, nimefika mahali ambapo tabia hiyo ni elimu. Katika baadhi ya ligi hizi, mchezaji mbishi huonyeshwa kadi nyeupe akakaa nje dakika kumi apoe. Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwaza wewe, Baba Mdogo, nikaona kuwa msimu mzima ungeutazama ukiwa nje ya mstari, na bado ungekuwa nguzo ya klabu.

Basi sikiliza kesi. Jumapili ya mwisho ya Mei tulikuwa na mechi ambayo tukishinda tunabaki katika daraja na tukishindwa tunashuka wilayani. Karatasi ya mechi siku hizi ni kompyuta ndogo ya bapa, na ndani yake kila mchezaji aliyehama klabu msimu huo ana alama yake. Kanuni inaruhusu waliohama wasizidi sita katika orodha ya mechi, na kati yao wasizidi wawili waliohama baada ya tarehe 15 Julai. Wageni walikuwa nao watano. Rais wetu akahesabu, akasema wako salama, akaenda kuwasha mkaa. Lakini mimi, ambaye huzisoma nyaraka za ligi kitandani kama wengine wasomavyo hadithi, nilijua kuna kanuni nyingine, ya waamuzi: kila klabu sharti itoe waamuzi wake kwa ligi, na isiyotoa hutozwa faini, na baada ya msimu wa kwanza wa kosa hupunguziwa wachezaji wawili katika haki yake ya waliohama. Jina la wageni lilikuwamo katika orodha ya wakosaji. Sita toa mbili ni nne. Watano si wanne. Nilitetemeka, Baba Mdogo, kama mtu aliyeona jiwe la mpaka limesogezwa.

Nikamwendea nahodha, nikamwandikisha pingamizi ndani ya kile kikompyuta kabla ya mechi kuanza, kama ipasavyo, lenye sababu na majina yote matano, mwamuzi akashuhudia, nahodha wao akatia sahihi huku akinitazama kwa chuki iliyonipa joto. Tukafungwa 4–1. Wenzangu walitoka wakilia. Mimi nilitoka nikipiga mluzi. Kwani timu iliyopatikana na kosa hilo huhesabiwa imeshindwa 3–0, lakini sharti pingamizi lithibitishwe kwa maandishi ndani ya saa 48 za siku za kazi, na usiku uleule nikakaa nikaandika kurasa tatu, zenye dibaji, hoja, dalili, na aya moja juu ya heshima ya michezo ambayo niliisoma kwa sauti mara mbili kwa ladha yake.

Barua hiyo kanuni inataka itoke katika anwani rasmi ya klabu. Neno la siri la anwani hiyo analijua mtoto wa rais peke yake, naye alikuwa amekwenda pwani na simu kaizima. Nikaona wakati unakwenda, nikaituma kwa anwani yangu mwenyewe.

Jibu la kamati lilikuja kwa adabu kubwa. Walisema pingamizi halipokeleki kwa upande wa utaratibu, na kwa hiyo kiini chake hakikuchunguzwa, na gharama zitakatwa katika hesabu ya klabu. Nililisoma jibu hilo nikasikia sauti ya nyumbani, kwa sababu ni maneno yaleyale uliyoambiwa wewe mwaka ule katika kesi ya zamu ya maji ya bwawa la ndiva, ulipokwenda na mashahidi saba na mashahidi wote saba wakakubaliwa, isipokuwa tarehe ya hati.

Rais ananisihi nisikate rufani. Ameniwekea mfano wa Luzenac, kijiji cha watu kama mia sita katika milima ya Pyrénées, wachache kuliko waumini wetu wa siku ya Idi, ambacho mwaka 2014 timu yake, Fabien Barthez, kipa wa zamani wa Ufaransa, akiwa miongoni mwa viongozi wake, ilipanda uwanjani kwa haki yake mpaka Ligue 2, ikakataliwa mezani kwa sababu ya uwanja, ikaenda kwa wasuluhishi wa kamati ya Olimpiki na mahakamani, na mwisho ikaanza upya katika madaraja ya mkoa, chini kabisa, jirani na sisi. Anadhani mfano huo unatisha. Mimi nimeona kuwa watu wa milimani ni wamoja popote walipo.

Nakuomba basi unitumie shauri lako, maana hakuna mtu ninayemjua aliyepoteza kesi nyingi kwa ustadi kama wewe: je, nianze na kiini, au nianze na ile anwani? Ada ya rufani nimekwisha kuitenga katika fedha za mabati, kwa mkopo, na imamu mwambieni taratibu. Usinijibu kwa posta. Mpe kijana wa dukani aipige picha barua yako anitumie kwa simu leo hii, kwa kuwa rufani hukatwa ndani ya siku saba tangu kupokea hukumu, nami naandika haya jioni ya siku ya tatu.