Upepo wa Laki Tano

Mimi ni mtu wa Ujiji, na mtu wa Ujiji ukimnyima dagaa umemnyima akili. Hili nalitanguliza ili atakayenicheka ajue nilianguka nikitokea wapi. Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu ili samaki wazaliane kwa nafasi. Sina ugomvi na uzazi wa samaki. Mimi mwenyewe nina watoto sita na hakuna serikali iliyonifungia ziwa. Lakini ilipofika Juni, dagaa waliosalia pale soko la Mwanga walikuwa wamekauka kuliko mfuko wangu, na muuzaji aliwapima kwa ncha za vidole kama anapima dhahabu. Migebuka nikawa nawaona ndotoni tu, wameelea kwenye mawese, wananipungia mikia.

Siku ya tisa ya maharage mfululizo, mama watoto aliweka bakuli mkekani. Nikayatazama maharage, nayo yakanitazama.

"Mwalimu," akasema. Akiniita Mwalimu badala ya Baba, najua kuna mtihani. "Wanaume wa wenzangu huleta kitoweo."

Sasa mimi nina kashamba kangu kule Simbo, ekari mbili za karanga na mahindi, na Simbo kuna kanga. Si mmoja wala wawili, ni kundi zima. Wanatembea kwa mstari kama kamati ya ukaguzi kutoka wilayani: vichwa vidogo, makoti ya madoadoa, shingo mbele. Wanafukua karanga zangu moja moja, na nikitokea wananigeukia kunitazama kama mimi ndiye niliyechelewa kikao. Nikapiga hesabu ya mstaafu: karanga zangu ziko tumboni mwa kanga, kanga akiingia tumboni mwangu karanga zimerudi. Kilichokosekana ni chombo. Nikaamua kununua bunduki ya upepo, bajeti laki tano, mabaki ya kiinua mgongo. Kwa nini ya upepo? Kwa sababu nilidhani upepo ni bure.

Kosa la pili lilikuwa kumweleza shemeji yangu. Shemeji hajawahi kuua hata panya, panya wa kwake wanamzoea, ila ana simu yenye intaneti na hiyo inamtosha kuwa bingwa wa lolote. Jioni ile ile alifika na somo. Bunduki za upepo, shemeji, ziko za springi na ziko za mtungi. Ya springi unaukunja mtutu kama unavunja muwa, springi inajibana, ukifyatua inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, hewa inasukuma kijirisasi. Ya mtungi unaijaza hewa kabla, kisha unapiga mara nyingi bila kukunja chochote, na haitingishiki. "Ya mtungi ndiyo ya watu wenye heshima zao," akasema.

Nikamwuliza hewa yenyewe inajazwa wapi. Akasema kwa pampu.

Pampu ninayoijua mimi ni ya fundi baiskeli wa pale Gungu, basi kesho yake nikamwendea. Nilimweleza vizuri, naye akaacha kuziba pancha kabisa ili anisikilize. Akauliza inataka upepo kiasi gani. Nikasoma kwenye kikaratasi nilichoandikiwa: bar 200.

"Mwalimu, tairi ya gari ndogo ni bar mbili na kidogo."

"Ndiyo."

"Sasa wewe unataka tairi mia moja, niziingize kwenye chupa ya maji."

"Ndiyo, fundi."

Akaisogeza pampu yake nyuma ya mgongo, kama mtu anavyomficha mtoto mbwa akipita. Akaniambia kwa upole kwamba hiyo si bunduki, ni bomu lenye kitako, na kwamba ana familia. Baadaye nikaja kujua kwamba pampu maalumu zipo, na bei yake ukiiongeza kwenye bei ya bunduki unapata pikipiki. Ya mtungi ikaishia hapo, pamoja na heshima zangu.

Ikabaki ya springi. Hapo tena kuna milimita 4.5 na milimita 5.5, na watu wazima wenye akili zao hugombana juu ya hiyo milimita moja kama Simba na Yanga. Ya 4.5 kijirisasi chake ni chepesi, kinakwenda mbio na kinanyooka, hivyo kukosea umbali kidogo hakukuumizi. Ya 5.5 ni nzito, inashuka upesi, lakini ikifika inafika na mzigo wake. Kwa hua na njiwa, 4.5 inatosha. Kwa kanga, mwenye manyoya kama godoro, nikaambiwa chukua 5.5, msogelee hadi hatua 30 hivi, mpige kichwani. Nimeshaeleza kichwa cha kanga kilivyo. Ukubwa wake ni wa limau, hakikai mahali pamoja hata sekunde mbili, na chini yake kuna mwili mnene mzuri ambao huruhusiwi kuulenga!

Kilichonichefua zaidi ni maandishi ya kwenye maboksi. Kila boksi linajigamba kwa kasi: mita mia tatu na kitu kwa sekunde. Nilifurahi mpaka nilipogundua kuwa kasi ile mara nyingi hupimwa kwa vijirisasi vyepesi mno, ambavyo mwindaji hatumii. Ukiweka kijirisasi halisi cha risasi, mbio zinapungua. Kasi ya kwenye boksi ni mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira, na kasi ya porini ni kinachobaki baada ya makato. Nguvu nayo usiiulize. Uingereza bunduki ya namna hii ikizidi joule 16 na kidogo inahitaji cheti kama bunduki nyingine. Mimi nilifundisha hesabu miaka 31, kwa hiyo nilikaa nikazitafsiri hizo joule 16: ni nguvu ya kumwinua kanga mmoja kutoka mchangani hadi usawa wa kiuno. Basi. Kwa laki kadhaa ninanunua uwezo wa kumwinua kanga hadi kiunoni, wakati ningemshika, mkono wangu ungefanya kazi hiyo bure.

Sokwe wa Gombe, hapo jirani yetu tu, wanakamata mbega kwa mikono mitupu. Jane Goodall aliwaona wakila nyama tangu mwaka 1960. Hakuna sokwe aliyewahi kuulizwa 4.5 au 5.5.

Shemeji hakukata tamaa, na kutokukata tamaa kwake kuliniponza. Usiku mmoja nikiwa bafuni, simu yangu ikaingia ujumbe, na mama watoto akausoma kwa sauti mbele ya watoto: "Diana nimempata, yupo Kasulu. Ni mtu mzima kidogo lakini bado ana nguvu. Mwenyewe anataka laki nne taslimu. Uje umwone kabla hajachukuliwa."

Nilitoka na povu masikioni. Nikaeleza kwamba Diana ni bunduki, kiwanda cha Kijerumani cha tangu 1890, jina ni la mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi wa kale. Nikamwonyesha na nembo yake kuthibitisha: mwanamke ameinua bunduki juu ya kichwa, upinde ameutupa chini. Picha ya mwanamke haikunisaidia kama nilivyotarajia.

"Na huyu mtu mzima wa laki nne anakuja kukaa wapi?" akauliza.

Nikajitetea kwa historia. Nikasema mali ya Mjerumani haizeeki, wewe itazame meli ya Liemba. Imejengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, ikaopolewa, na 1927 ikarudi kazini. Springi ya Diana haijawahi kulala chini ya ziwa hata siku moja. Mama watoto akasema Liemba hajawahi kuiona ikilipiwa na kiinua mgongo chake.

Nikaenda kwa mzee mmoja pale Ujiji, jirani yetu, ambaye ujana wake aliwinda kwa gobore. Nilidhani atanipa moyo. "Shikamoo mzee." "Marahaba, baba. Nasikia unanunua upepo." Habari Ujiji haihitaji intaneti. Akanikumbusha kwamba mji huu umezoea bunduki zinazosema. Tippu Tip mwenyewe, kwa simulizi moja, jina lake lilitokana na mlio wa bunduki zake: tip, tip. Stanley alipoingia hapa kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alifyatua bunduki kubisha hodi, mji mzima ukatoka. "Wewe ukiingia na hiyo yako," mzee akasema, "nani atatoka?" Nikamwambia ndiyo faida yake, mzee, haina kelele, ukimkosa wa kwanza wa pili hajakimbia. Akacheka hadi akashika mbavu. "Ukimkosa wa kwanza! Baba, umeshaanza kupanga kukosa?"

Ila alinipa jambo moja la maana, ambalo shemeji na simu yake hakulisema: bunduki iwe ya baruti au ya upepo, kabla ya kwenda porini upite kwa wenyewe.

Basi nikapita. Nina kijana niliyemfundisha darasa la tano, leo ni askari. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Mwalimu, shikamoo tena," na mtu akikuamkia mara mbili ujue kinachofuata hukitaki. Akaniambia hapa ni mkoa wa mpakani. Burundi ile, Kongo ile ng'ambo. "Ukikutana na doria barabara ya Simbo na mtutu begani, nani atasimama akuulize ndani kuna baruti au kuna upepo?" Akanitajia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 kwa jina lake lote, kama nilivyomfundisha kutaja mito inayoingia ziwani, akaanza kunihesabia kwa vidole: barua ya kijiji, kamati ya kata, kamati ya wilaya, alama za vidole. Vidole vyake vikaisha, akahamia vyangu.

"Na kanga wenyewe?" nikauliza.

"Kanga, Mwalimu, anahitaji leseni ya uwindaji. Wanyamapori ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Ipo kwenye sheria ya 2009."

Nilikaa kimya kidogo. Kumbe wale wanaofukua karanga zangu ni wa serikali kweli. Nilijua tu, ile ni kamati! Nikauliza kama basi serikali itanilipa karanga. Akasema kifuta jasho kipo, lakini ni cha tembo, kiboko na wa namna hiyo. Kanga hayumo. Kanga wangu wana cheo cha kulindwa ila hawana cheo cha kulipiwa madeni.

Nilirudi nyumbani nikachukua kalamu. Diana, laki nne. Vijirisasi, kwa sababu inakula vijirisasi vyake tu, si mawe. Darubini, tena si darubini yoyote, maana bunduki ya springi ina tabia ya kupiga teke nyuma kisha mbele, na darubini ya bei nafuu hupasuka tumbo. Vibali, leseni, picha ndogo za pasipoti, nauli ya Kasulu kwenda na kurudi, nauli za kamati. Nikajumlisha, kisha nikagawa kwa idadi ya kanga ambao mtu wa miaka 62 mwenye miwani anaweza kuwapata kwa mwaka, nikijipendelea. Kila kanga alinitokea kwa bei ya mbuzi, pamoja na kamba yake.

Wakati huo ilikuwa Agosti imepita, ziwa limefunguliwa, dagaa wamejaa Kibirizi, na mimi sikuwa na sababu tena ya kutaka bunduki. Hamu tu ndiyo iliyobaki, na hamu haina leseni.

"Ile laki tano bado ipo?" mama watoto akauliza.

"Ipo."

"Basi ninunulie kanga."

Nikafurahi, nikidhani hatimaye amenielewa. Nikaanza kumweleza habari ya 5.5. Akanikata: kanga, doti, wa kuvaa. Kanga asiyehitaji kusogelewa hatua 30. Na kweli nguo hii, wanasema, jina lake lilitokana na ndege yule yule, kwa madoadoa. Nilinunua doti tatu na ndoo ya mawese, na migebuka wanne wa kujipongeza kwa kuwa sijanunua kitu.

Novemba tukapanda. Kanga wakaja siku ya pili, kwa mstari, shingo mbele. Mama watoto hakuniuliza. Alichukua kanga yake kuukuu, akaifunga kwenye mti mrefu katikati ya shamba, akarudi kukaa. Upepo wa ziwani ukavuma, kanga ikapepea, ikapiga kofi hewani, na kamati nzima ikakimbilia korongoni bila kumaliza ajenda. Nilisimama pale nikiutazama ule upepo ukifanya kazi bila springi, bila mtungi, bila bar hata moja.

Kesho yake walisimama mbali wakiitazama. Siku ya tatu jua lilikuwa kali sana. Nilipofika niliwakuta wote kumi na wanne wamekaa kwenye kivuli cha ile kanga, wakifukua taratibu, mmoja akiwa amelala.