Sifa za Mheshimiwa wa Kwenye Samadi

Simba na tausi wameshasifiwa vya kutosha. Sasa ni zamu ya Streptomyces griseus, bakteria wa udongo anayestawi shambani na kuota mithili ya ukungu wa kijivu. Manukato yake ni jiosmini, ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Washairi huipenda, mama lishe aliyerudishiwa sahani ya sato kwa sababu samaki huyo ananuka tope ana maoni mengine. Ukoo wake nao ni mkarimu: binamu yake mmoja huwavalisha viazi ukurutu, bure kabisa.

Lakini fadhila yake kuu ni unyenyekevu. Oktoba 1943, katika maabara ya chini ya ardhi huko Rutgers, New Jersey, mwanafunzi Albert Schatz, mwenye umri wa miaka 23, alimpata mahali pawili: kwenye udongo wenye samadi tele na kwenye koo la kuku. Kutoka kwake ikapatikana streptomaisini, dawa iliyokikabili kifua kikuu ambacho penisilini ilikuwa imekishindwa. Je, Mheshimiwa alidai hataza? Hakudai. Aliulizia posho ya kikao? Thubutu! Hakununa jina lake lilipoandikwa kwa herufi za mlalo, wala hakujisogeza mbele wapiga picha walipofika. Hata kuku, aliyeichangia sayansi koo lake, hakutuma wakili.

Schatz hakujaliwa kuwa bakteria. Alipogundua kwamba profesa wake, Selman Waksman, anapokea mgawo wa mirabaha kimyakimya, alikwenda mahakamani mwaka 1950. Wakasuluhishwa: Schatz atambuliwe kuwa mgunduzi mwenza na apate asilimia 3, profesa 10. Miaka miwili baadaye Tuzo ya Nobel ikaenda kwa Waksman peke yake. Elizabeth Bugie, mmoja wa waandishi watatu wa makala ya 1944 iliyoitangaza dawa hiyo, hata kwenye hataza hakuwemo.

Na hili halichekeshi. Ofisi ngapi zina mkubwa ambaye jina lake hutangulia kwenye ripoti asiyowahi hata kuifungua, huku kijana aliyekesha nayo akitupwa kwenye shukrani, ukurasa wa mwisho, na jina lenyewe limekosewa? Akilalamika, huambiwa hana adabu.

Mheshimiwa, asiyelalamika, mwaka 2019 alitangazwa kwa sheria kuwa bakteria rasmi wa jimbo la New Jersey. Schatz alikuwa ameshafariki mwaka 2005. Nishani ya Rutgers aliipata 1994, Waksman akiwa kaburini tangu 1973.