Ukitaka Udalali Ziba, Anza na Majirani

Usinunue miwani ya jua. Usichapishe kadi yenye picha ya ghorofa. Watu wa Ziba wanakujua tangu ukichunga ng'ombe, na hakuna kadi itakayowasahaulisha. Udalali wa nyumba na viwanja ni kazi halali na ina riziki, ila vishoka wameichafua kiasi kwamba kijana akitamka nyumbani kuwa anataka kuifanya, mama yake hushika kichwa. Mimi nataka kijana huyo aifanye, tena aifanye vizuri, kwa sababu mgeni anayeshuka na begi lake hapa bila kumjua mtu anahitaji mwenyeji.

Kazi yenyewe ni ya zamani mkoani kwetu. Novemba 1857 Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, aliyewapokea na kuwapatia nyumba ni mfanyabiashara Snay bin Amir. Stanley alipofika mwaka 1871 alikabidhiwa tembe kule Kwihara. Misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilibeba watu kwa mamia, nao wote walihitaji mtu wa kuwaambia walale wapi, maji yako wapi na hongo alipwe nani. Ziba iko kaskazini mashariki mwa Tabora, nje ya njia ile, lakini shida ya mgeni ni ileile.

Anza na vyumba vya kupanga. Kuna walimu, kuna wauguzi na wanafunzi wa hospitali ya Nkinga, kuna wanunuzi wa pamba na mpunga msimu ukifika. Kabla hujampeleka mtu, ingia mwenyewe chumbani, tazama paa, fungua choo, uliza kama LUKU ni ya mpangaji peke yake au ya kuchangia na nyumba nzima. Mwalimu mgeni ataulizia maji kabla ya kodi, nawe uwe na jibu. Malipo yako yanajulikana, kodi ya mwezi mmoja, na yatajwe mwanzoni kabisa. Yupo dalali anayetoza hela ya kuonyesha, kisha anamzungusha mteja kwenye vyumba vitatu anavyojua vimeshapangishwa. Huyo ni mwizi mwenye daftari.

Cha juu nacho kiache. Mwenye kiwanja akisema milioni mbili, mnunuzi aambiwe milioni mbili, na chako kikae wazi pembeni. Mjini muuzaji na mnunuzi huenda wasionane tena. Hapa watakutana mnadani, watakutana msibani, na bei itatajwa tu. Siku hiyo utakuwa umebakiwa na miwani yako.

Sasa ardhi, na hapa ndipo vishoka wanapoanguka kwa sababu hawaijui. Mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni, mwezi wa nane hukauka ukawa mgumu kama sakafu, una nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Mvua zikija unavimba, na nyumba iliyojengwa juu yake inapasuka kuanzia kwenye pembe za madirisha. Ni udongo wa kilimo. Anayetaka kujenga mpeleke kwenye luseni, udongo wa kichanga unaopitisha maji. Na kama ana muda, mwonyeshe kiwanja mwezi wa tatu, akanyage mwenyewe, aone maji yanasimama wapi.

Kisha kuna ngitili. Utaona eneo lenye majani marefu, halina nyumba wala jembe, na kishoka atamwambia mteja kuwa hilo ni pori lisilo na mwenyewe. Lina wenyewe, tena wengi. Wasukuma na Wanyamwezi hufunga eneo hilo masika yote ili mifugo ipate majani kiangazi, na ngitili nyingine ni ya ukoo, nyingine ya kijiji kizima. Ukiiuza umeuza chakula cha ng'ombe wa watu, na wenye ng'ombe hawatakuandikia barua.

Mahame, makazi yaliyoachwa, yanataka uvumilivu zaidi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamishia watu vijijini, wakaacha makazi na mashamba yao. Wengine walirudi, wengine wamerudi watoto wao, na katikati hapo kijiji kilikuwa kimeshawapa watu wengine maeneo yale, nao wamelima na kuzika hapo. Ukiuliza "hapa pa nani?" utapata majibu mawili, na yote mawili yana ukweli ndani yake. Kaa na wazee. Waulize majirani wa pande zote nne, mmojammoja, kila mtu kwake. Wakitofautiana, eneo hilo usilitangaze hata kama kamisheni yake ni nono.

Majirani wakikubaliana, nenda nyumbani kwa muuzaji asubuhi, mke wake akiwepo.

"Mwangaluka, mayu. Baba anasema mnauza upande wa majaruba."

"Majaruba gani hayo, mwanangu?"

Hapo aga vizuri uondoke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na hata pale ambapo karatasi ina jina la baba pekee, mama aliyelima majaruba hayo miaka yote ana haki ya kusikilizwa. Nimeona madalali wakimwita muuzaji kilabuni ili wamalize mambo "kiume". Ni uhuni, na mwisho wake ni kesi.

Sehemu kubwa ya ardhi utakayoonyesha ni ardhi ya kijiji, nayo iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Muuzaji anaweza kukubali, mnunuzi akalipa, mashahidi wakanywa soda, na bado biashara haijakamilika mpaka halmashauri ya kijiji iridhie. Mahakama ya Rufani ilishatamka tangu 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya kijiji ni batili. Mwenyekiti wa kitongoji akigonga muhuri sebuleni kwake saa mbili usiku, hicho si kikao. Omba muhtasari wa kikao, na kwa kila ada inayolipwa dai risiti.

Jihadhari pia na maneno ya miradi. Bomba la mafuta ghafi la EACOP linapita Nzega na Igunga, na Sojo kule Nzega kimejengwa kiwanda cha kuyavisha mabomba yake. Tangu hapo kila njia ya ng'ombe inauzwa kwa kuambiwa kuwa "mradi unakuja." Fidia hulipwa kwa waliokutwa na wathamini, na tarehe ya mwisho ikishawekwa, mwembe unaopandwa kesho yake hauhesabiwi. Uza ardhi kwa thamani yake ya leo.

Mwisho, andika. Majina kamili, vipimo kwa mita na siyo kwa hatua za mtu mrefu, majirani wa pande nne kwa majina, mashahidi wa pande zote mbili, sahihi au dole gumba la mke. Nakala moja kwa muuzaji, moja kwa mnunuzi, moja ofisi ya kijiji, na moja ibaki kwako, kwa sababu ugomvi ukifika baraza la ardhi la kijiji wa kwanza kuitwa ni wewe. Kisha msaidie mnunuzi aombe hati ya hakimiliki ya kimila. Wengi huona ni usumbufu, wakaishia na karatasi ya daftari iliyoliwa na mchwa.

Nyinyi mliouza kiwanja kimoja kwa watu wawili, rudisheni fedha za watu. Nawe kijana, kesho asubuhi nenda ofisi ya kijiji kabla hujamtafuta mteja hata mmoja. Jitambulishe kwa mtendaji, mwambie unataka kufanya udalali, uache jina lako kamili na namba ya simu unayopokea.